UCHAMBUZI: Kabla ya kununua ubao wa umeme kwa soko la Mantapala, kikague kisanduku

Mwezi Agosti 2024 serikali ya Zambia ilifunga kwa siku chache vituo vyake vitatu vya mpaka na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Vituo hivyo ni Kasumbalesa, Mokambo na Sakania. Hatua hiyo ilikuja baada ya Kongo kuzuia uingizaji wa bia na vinywaji baridi, jambo lililozua mvutano wa kibiashara kati ya majirani hao wawili. Wenye malori walijifunza tena somo wanalolijua siku nyingi. Katika hali kama ile, dereva anayepata habari akiwa bado Ndola au Kitwe anaweza kusubiri kwa gharama ndogo, lakini anayeipata akiwa tayari kwenye foleni hulipia maegesho, chakula na siku zilizopotea.

Ni kwa sababu ya matukio ya aina hii kwamba mbao za matangazo za umeme zinazidi kuonekana katika vituo vya mabasi, maduka ya kubadili fedha, vituo vya mafuta na masoko ya Afrika Mashariki na Kusini. Hesabu yake ni rahisi kueleweka: skrini moja mahali wanapopita watu wengi, nao wote wanasoma habari ileile kwa wakati mmoja. Hata hivyo, wengi wanaonunua mbao hizo huangalia ukubwa wa skrini na uzuri wa picha, kisha kifaa kinachoiendesha skrini hiyo wakakichagua mwishoni kwa pesa iliyobaki. Kwa soko la mjini lenye umeme wa uhakika kosa hilo linaweza kuvumilika. Kwa mahali kama Mantapala na mwambao wa Ziwa Mweru, ni kosa linaloweza kumtia mfanyabiashara hasara kubwa kuliko kutokuwa na ubao kabisa.

Mahali penyewe

Makazi ya Mantapala yako wilayani Nchelenge, Mkoa wa Luapula, kaskazini mwa Zambia. Yalianzishwa kuwapokea Wakongo waliokimbia mapigano katika majimbo ya Haut-Katanga na Tanganyika mwaka 2017, na familia za kwanza zilihamishiwa huko kutoka kituo cha muda cha Kenani mwanzoni mwa 2018. Tangu mwanzo yalipangwa kuwa makazi ambamo wakimbizi na wenyeji wanatumia huduma kwa pamoja. Kwa hiyo Kiswahili cha Katanga na Kibemba husikika bega kwa bega, na biashara ndogondogo za mahindi, muhogo, nguo, sabuni na samaki zinawaunganisha watu wa pande zote mbili.

Ziwa lenyewe ni mpaka. Upande wa mashariki kuna Nchelenge na soko la Kashikishi, na upande wa magharibi kuna mji wa Kilwa wa Kongo, ambao msomaji wa pwani asiuchanganye na Kilwa ya Tanzania, wala na Kisiwa cha Kilwa kilichomo humohumo ziwani lakini ni cha Zambia. Kaskazini kuna Pweto, mahali mto Luvua unapotoka ziwani. Wasafirishaji wa zamani wanakumbuka jinsi katika miaka ya 2000 makinikia ya shaba na fedha kutoka mgodi wa Dikulushi yalivyovushwa kwa tishari kutoka Kilwa hadi Nchelenge, kisha yakapakiwa kwenye malori. Leo mizigo mingi ni midogo, ya boti na baiskeli, lakini hesabu ya faida na hasara ni ileile.

Kuna jambo moja zaidi linaloifanya habari sahihi kuwa mali Mantapala. Kwa taratibu za Zambia, mkimbizi anahitaji kibali ili kutoka nje ya makazi. Mfanyabiashara wa Nchelenge mjini akikuta soko la Kashikishi halina bidhaa anayoitafuta, atarudi kesho. Mwenzake wa Mantapala ameshatumia kibali, nauli na siku nzima, na pengine ameacha watoto kwa jirani. Tangazo la uongo au lililopitwa na wakati linamgharimu yeye kuliko mwingine yeyote.

Habari zipi zinastahili ubao

Ikumbukwe kwamba kifaa huchaguliwa kulingana na kazi, na kazi ya ubao wa soko la mpakani haifanani na ile ya ubao wa duka la nguo jijini. Habari zinazohitajika hapa ni chache, fupi, na karibu zote zina tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha.

Ya kwanza ni msimu wa uvuvi. Zambia hufunga uvuvi kila mwaka kuanzia Desemba 1 hadi mwisho wa Februari, na Ziwa Mweru limo katika katazo hilo. Mfanyabiashara anayesafirisha samaki katika kipindi hicho bila kujua masharti anajiweka katika hatari ya kunyang'anywa mzigo.

Ya pili ni fedha. Benki Kuu ya Zambia ilianza kutoa noti na sarafu mpya za kwacha Machi 31, 2025, na wenye noti za zamani walipewa muda wa mwaka mmoja. Ng'ambo ya ziwa, ambako watu huweka kwacha majumbani kwa ajili ya safari ijayo ya kununua unga, habari ya namna hiyo ikichelewa inageuka kuwa hasara mfukoni. Juu ya hayo kuna viwango vya kila siku vya kwacha, faranga ya Kongo na dola.

Ya tatu ni mafuta. Tangu mwaka 2022 mamlaka ya udhibiti wa nishati ya Zambia, ERB, hupitia bei za mafuta kila mwezi, na bei mpya huanza mwezi unapoingia. Mwenye boti ya injini na mwenye lori la Mansa wote hupanga nauli kwa kuangalia siku hiyo.

Ya nne ni masharti ya mpaka. COMESA ina mpango rahisi wa biashara kwa wafanyabiashara wadogo, ulioanza kutumika mwaka 2010, unaopunguza makaratasi kwa bidhaa zilizo katika orodha iliyokubaliwa na nchi mbili jirani na zenye thamani isiyozidi kiwango kilichowekwa. Orodha na kiwango hutofautiana kati ya mpaka mmoja na mwingine, na hubadilika. Hali kadhalika kuna matangazo ya afya, kama ilivyokuwa wakati wa kipindupindu kilichoenea Zambia kuanzia Oktoba 2023 na kuendelea mwaka 2024.

Habari zote hizo ni maneno na tarakimu. Hakuna hata moja inayohitaji video. Mnunuzi akilitambua hilo mapema, tayari ameokoa nusu ya fedha.

Kisanduku na kazi yake

Nyuma ya kila ubao wa umeme kuna kifaa kidogo kinachohifadhi matangazo, kuyapanga kwa zamu na kuyatuma kwenye skrini. Mafundi hukiita pleya, na sokoni hujulikana tu kama kisanduku. Wakati mwingine kimo ndani ya TV yenyewe, wakati mwingine kiko peke yake na kuunganishwa kwa waya wa HDMI. Zipo njia sita zinazopatikana kwa urahisi katika ukanda huu.

Njia ya kwanza ni kuchomeka flashi yenye picha nyuma ya TV ya kawaida. Ni rahisi kuliko zote. Ubaya wake hujitokeza umeme unapokatika na kurudi: TV nyingi za nyumbani hubaki zimelala zikisubiri rimoti, au huwaka na kuonyesha maandishi kwamba hakuna mawimbi, mpaka mtu aje achague faili upya. Mwenye rimoti akiwa safarini, ubao umekufa.

Njia ya pili ni kisanduku cha Android, kile kinachouzwa kwa ajili ya kutazama filamu. Bei yake ni ndogo na kinatumia wati chache tu. Lakini hapa tahadhari inahitajika. Juni 2025 shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilionya kuhusu mtandao wa kihalifu uitwao BADBOX 2.0, uliotumia visanduku vya bei rahisi vilivyowekewa programu hasidi, vingine tangu kiwandani. Mwezi uliofuata kampuni ya Google ilifungua kesi ikisema vifaa zaidi ya milioni 10 visivyoidhinishwa vilikuwa vimeingizwa katika mtandao huo. Kisanduku kisicho na jina linalofahamika, kilichounganishwa na intaneti ya ofisi moja na simu ya kupokelea malipo, ni mgeni asiyefaa kukaribishwa.

Njia ya tatu ni kompyuta ndogo ya bodi moja, na inayofahamika zaidi ni Raspberry Pi. Toleo la 4 lilipoingia sokoni mwaka 2019 bei yake ilianzia dola 35, ingawa mwishoni mwa 2025 baadhi ya matoleo yalipanda kutokana na kupanda kwa bei ya kumbukumbu za kompyuta. Inakula umeme kidogo na zipo programu za bure za kuendeshea matangazo. Udhaifu wake ni kadi ndogo ya kumbukumbu inayobeba mfumo mzima: umeme ukikatika ghafla wakati inaandika, kadi inaweza kuharibika na kompyuta isiwake tena. Fundi anayejua kazi huifunga kadi hiyo isiandikwe chochote wakati wa kazi ya kawaida. Asiyejua huiacha kama ilivyo, na baada ya wiki chache huitwa tena.

Njia ya nne ni kompyuta ndogo ya ofisi, nyingi zikiwa zimetumika Ulaya au kupitia Dubai. Tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10 hapo Oktoba 14, 2025, mashine nyingi zisizoweza kupokea Windows 11 zinaondolewa maofisini na kuuzwa. Zinafaa zikiwekewa mfumo wa Linux, na nyingi zina mpangilio wa kuziamuru ziwake zenyewe umeme unaporudi. Zinakula umeme zaidi ya njia mbili zilizotangulia, na feni zake hunyonya vumbi.

Njia ya tano ni vifaa vilivyotengenezwa hasa kwa kazi hii, kama vile pleya za BrightSign, au skrini za kibiashara za Samsung na LG zenye kompyuta ndani yake. Vinawaka vyenyewe, havina feni kwa kawaida, na vimeundwa kwa saa nyingi za kazi kila siku. Bei yake ni mara kadhaa ya zile zilizotajwa, na kikiharibika Nchelenge si rahisi kukipatia fundi wala kipuri karibu.

Njia ya sita huwa haihesabiwi kabisa na wauzaji wa skrini, nayo ni ubao wa taa za LED wa maneno yanayotembea, ule uonekanao juu ya milango ya maduka ya dawa na mawakala wa fedha. Kipande chake kimoja cha kawaida, kiitwacho P10, kina upana wa sentimita 32 na kimo cha sentimita 16, na vipande huunganishwa mpaka upatikane ukubwa unaotakiwa. Kisanduku chake ni kadi ndogo ya kuongozea, ambayo katika aina nyingi hupokea maneno kutoka kwenye simu kwa Wi-Fi ya moja kwa moja, bila intaneti yoyote. Umeme ukirudi, ubao huendelea na maneno uliyokuwa nayo.

Hesabu ya umeme

Mwaka 2024 ukame ulishusha maji ya Kariba, na Zambia ikapata mgao wa umeme ambao katika sehemu nyingi ulizidi nusu ya siku. Anayenunua ubao leo kwa kuamini kwamba hali hiyo haitarudi anacheza kamari. Kwa mwambao wa Mweru, na zaidi kwa Mantapala, hesabu ianze na sola.

TV ya inchi 43 hutumia takriban wati 80. Ikiwaka saa 12 kwa siku ni wati-saa 960, na ukiongeza kinachopotea kwenye inverta inakaribia 1,100. Betri ya kawaida ya asidi ya volti 12 na Ah 100 ina wati-saa 1,200, lakini haitakiwi kushushwa chini ya nusu, maana itakufa mapema. Kinachobaki cha kutumia ni wati-saa 600. Kwa maana hiyo, betri moja inaiwasha TV hiyo kwa saa sita au zaidi kidogo, kisha giza.

Ubao wa vipande sita vya LED za rangi moja, safu mbili za vipande vitatu, unafika upana wa karibu mita moja. Kipande kimoja kikiwaka chote hufikia wati 20 hivi, lakini maneno huwasha sehemu ndogo ya taa. Tukichukua robo, ubao wote unatumia takriban wati 30, au wati-saa 360 kwa saa 12. Unaweza pia kuendeshwa moja kwa moja kutoka kwenye betri kwa kifaa cha kushusha volti 12 hadi 5, bila inverta. Betri ileile inatosha na kubaki. Wavuvi wa chisense, wale dagaa wadogo wa Mweru wanaovuliwa usiku kwa taa, hawahitaji mwalimu katika hesabu hii, kwani ndiyo wanayoipiga kila jioni kabla ya kusukuma mtumbwi.

Linalosahaulika zaidi ni intaneti. Huduma ya Starlink ilianza Zambia Oktoba 2023 na imefika mahali ambapo mawimbi ya simu ni hafifu. Lakini dishi lake la kawaida hutumia wati 75 hadi 100. Likiachwa wazi saa 12, linakula betri kuliko ubao wenyewe. Kisanduku kinachotaka kuwa mtandaoni muda wote ili kionyeshe chochote hakifai hapa. Kinachofaa ni kile kinachopokea habari kwa dakika chache, kikazihifadhi, kisha kikaendelea peke yake.

Kisha kuna jua. TV ya nyumbani huwa na mwangaza wa niti 250 hadi 400, ilhali skrini ya kukabiliana na jua kali huhitaji niti 2,500 au zaidi, na bei yake si ya soko la wilaya. TV hiyo itawekwa ndani ya jengo au chini ya paa refu, au isomwe jioni tu. Taa za LED za rangi nyekundu husomeka nje mchana, mradi kibao kiwe cha aina ya nje, kilichozibwa dhidi ya mvua za Novemba hadi Aprili.

Saa ndiyo kiini cha jambo

Baada ya yote hayo linabaki swali ambalo wanunuzi hawaliulizi dukani: je, kisanduku kina saa yenye betri yake?

Swali hili linaonekana dogo. Lakini matangazo ya mpakani, kama ilivyoelezwa, karibu yote yana mwisho. Tangazo kwamba kituo fulani kimefungwa ni la kweli leo na ni la uongo keshokutwa. Bei ya mafuta ya mwezi uliopita si bei tena. Kiwango cha kubadilishia faranga cha Jumatatu kinaweza kumharibia mtu biashara Ijumaa. Kisanduku kizuri huamriwa kuondoa tangazo tarehe yake ikifika, hata kama aliyeliandika yuko Mansa au mgonjwa kitandani. Ili kifanye hivyo lazima kijue leo ni tarehe ngapi.

Raspberry Pi 4 na zilizoitangulia hazina saa ya namna hiyo. Zikizimwa na kuwashwa bila intaneti, husahau tarehe. Toleo la 5, lililotoka mwaka 2023, lina sehemu ya saa lakini betri yake hununuliwa peke yake. Visanduku vingi vya bei ya chini vya Android navyo hutegemea intaneti kupata tarehe. Kompyuta za ofisi zina betri ndogo ya saa, ambayo katika mashine iliyotumika miaka mingi inaweza kuwa imekwisha, nayo hubadilishwa kwa bei ndogo. Pleya za kibiashara huwa na saa, na kadi nyingi za mbao za LED pia zina betri ya duara kwa kazi hiyo, ingawa si zote.

Kipimo ni rahisi na kinaweza kufanyika kaunta ya duka. Weka tangazo liishe baada ya dakika 20. Chomoa umeme. Subiri nusu saa. Chomeka bila intaneti. Kisanduku kikiwaka chenyewe na tangazo likiwa limeondoka, kimefaulu. Kikihitaji rimoti, au kikilionyesha tangazo lile kana kwamba hakuna kilichotokea, kirudishwe rafuni hata kama picha yake inang'aa namna gani.

Njia ya kuufikisha mzigo

Kwa wasafirishaji, vifaa hivi vina mitego yake. Vinavyotoka Dar es Salaam hupita Tunduma na Nakonde, kituo cha pamoja kilichozinduliwa mwaka 2019, kisha Kasama, Luwingu na Mansa, na kuteremka bonde la Luapula kupitia Mwense na Mwansabombwe. Vinavyotoka Copperbelt hukatiza ardhi ya Kongo kutoka Mokambo hadi Chembe. Njia hii ni fupi, lakini Agosti 2024 ilionyesha kwamba inaweza kufungwa ghafla.

Katika mfumo wa kimataifa wa HS, kompyuta huwekwa kichwa 8471, TV na skrini 8528, na mbao za kuonyesha ishara za LED 8531. Ushuru wa vichwa hivyo haulingani. Kisanduku kimoja kinaweza kutazamwa kama kompyuta na afisa mmoja, na kama king'amuzi na mwingine, hivyo wakala wa forodha aonyeshwe karatasi ya kiwanda kabla mzigo haujaondoka. Vifaa vyenye Wi-Fi huhitaji kuwa vya aina iliyoidhinishwa na mamlaka ya mawasiliano, ambayo kwa Zambia ni ZICTA. Betri za lithiamu huhesabiwa kuwa mzigo wa hatari na zina masharti yake ya kufungashwa, hasa zikipandishwa botini.

Mzigo ukifika, ununuliwe pia kile kifaa cha kulindia friji, kinachochelewesha umeme kwa dakika chache baada ya kurudi. Mashine nyingi huungua katika sekunde za kwanza za umeme kurudi.

Nani ashike ufunguo

Wapo wanaouliza, na kwa haki, kama ubao wa chaki hautoshi. Chaki haihitaji betri, na vikundi vya WhatsApp vinawafikia wenye simu. Jibu ni kwamba mahali ambapo hakuna mtu aliyepewa kazi ya kubadili habari kila asubuhi, chaki inatosha kabisa na ni bora, maana mvua huifuta. Ubao wa umeme haufutwi na mvua. Unabaki unang'aa usiku na mchana, na watu huamini kinachong'aa.

Ndiyo maana suala la nani anayeandika lina uzito sawa na la kisanduku. Kadi za mbao za LED huja na neno la siri la kiwandani ambalo huweza kupatikana na yeyote mwenye simu na udadisi. Lisipobadilishwa siku ya kwanza, kijana mmoja mtundu anaweza kuandika kwamba mgao wa chakula umesogezwa au mpaka umefungwa. Katika makazi yenye watu waliowahi kukimbia kwa sababu ya habari kama hizo, mzaha huo unaweza kuumiza watu. Neno la siri likabidhiwe watu wawili, mmoja kutoka kamati ya soko na mwingine kutoka uongozi, na kila tangazo libebe tarehe na jina la ofisi ilikotoka. Lugha ziwe Kibemba na Kiswahili kwanza, na zote mbili huandikwa kwa herufi za kawaida ambazo hata kadi ya bei ndogo inazimudu.

Kwa kuzingatia hayo, kwa soko la Mantapala au gati ya Nchelenge chaguo la busara ni ubao wa LED wa rangi moja, wa aina ya nje, wenye kadi yenye saa na unaoandikwa kwa simu bila intaneti, ukiendeshwa na betri na sola. Ukumbi wa ndani wenye umeme, kama ofisi ya ushirika au ya forodha, unaweza kuongeza TV moja na kompyuta ndogo iliyofungwa kadi yake na kuwekewa betri ya saa, kwa ajili ya orodha ndefu za bidhaa na ramani. Pleya za kibiashara ziachwe kwa mpaka wenye fundi karibu na bajeti ya kudumu.

Uvuvi hufungwa tena kila Desemba 1. Ubao utakaoendelea kuandika "uvuvi wazi" asubuhi ya siku hiyo, kwa sababu kisanduku chake kilisahau tarehe umeme ulipokatika, utakuwa umempeleka mtu ziwani kinyume cha sheria. Naye ndiye atakayelipa, wala si aliyeuza skrini.